Kutambua Fangasi kwenye Majana ya Nyuki: Mwongozo kwa Wafugaji wa Tanga

Masika ikishakatika, kuanzia mwisho wa Mei, mfugaji wa Tanga anafungua mzinga na kukuta weupe kwenye masega. Mmoja anaamua kuchoma mzinga mzima, mwingine anamwaga salfa iliyobaki shambani kwenye mikorosho, wa tatu anafunika na kusema ni unyevu tu. Wote watatu wameamua kabla ya kuangalia. Weupe peke yake hausemi kitu. Ukungu huota juu ya chavua ya zamani, juu ya sega lisilo na nyuki, na juu ya buu aliyekufa kwa jambo lingine kabisa. Ugonjwa ni pale fangasi wanapomuua buu ndani ya kundi lililo hai, na hilo utalijua kwa kuchunguza mzoga wenyewe: alikufa akiwa na umri gani, amekaaje kichumbani, ana ugumu gani, na rangi zake ziko wapi.

Majana ni watoto wa nyuki walio vichumbani, na magonjwa yenyewe ni mawili. Majana chokaa huletwa na fangasi aitwaye Ascosphaera apis. Huyu huwapata majana tu. Nyuki wakubwa hawaugui, ila hubeba vijimbegu vyake (chembe ndogo sana ambazo fangasi huzaliana kwazo) na kuvisambaza. Majana jiwe huletwa na fangasi wa jamii ya Aspergillus, hasa A. flavus na A. fumigatus. Hili la pili ni nadra, lakini linaweza kuua hata nyuki wakubwa, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu ya binadamu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu chokaa, kwa kuwa ndilo utakalokutana nalo zaidi.

KINACHOTOKEA KICHUMBANI

Buu wa siku 3 au 4 hulishwa chakula chenye vijimbegu. Vijimbegu huchipua tumboni, nyuzi za fangasi hutambaa ndani ya mwili, na kwa kawaida buu hufa siku moja au mbili baada ya nyuki kuziba kichumba kwa nta. Nyuzi hupasua ngozi, mara nyingi zikianzia upande wa mkiani, kisha humfunika buu mzima kwa manyoya meupe kama pamba. Hapo huvimba na kujaza kichumba hadi kuchukua umbo lake la pembe sita. Baadaye hukauka, husinyaa na kuwa mgumu.

Nyuki hutunza majana katika joto la nyuzi 34 hadi 35. Buu aliyezibwa karibuni akipigwa na baridi, joto likashuka hadi kama nyuzi 30 kwa saa chache tu, fangasi wanapata nafasi yao. Ndiyo maana mizoga ya kwanza huonekana pembeni mwa sega, mahali ambapo nyuki wachache hawafiki kulalia, na ndiyo maana majana ya madume, ambayo kwa kawaida huwa kingoni, huanza kuugua.

Kwa hiyo unaweza kukisia mzinga upi utaugua kabla hujaufungua. Ni ule wenye kundi dogo ndani ya mzinga mkubwa. Ni ule uliotundikwa bondeni au karibu na mikoko ya Pangani bila kupigwa na jua la asubuhi, au uliogeuziwa mlango kusini ukapokea upepo wa kusi na mvua kwa pamoja. Lushoto, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, hatari hiyo husogea hadi Juni na Julai, mvua kubwa ikiwa imeisha lakini usiku una baridi kali.

VIFAA

Mbali na mavazi ya kujikinga, bomba la moshi na patasi, chukua kibanio chembamba (hata cha nyusi kinafaa), boksi la njiti za kiberiti, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, karatasi nyeupe, bahasha za karatasi, kalamu, ndoo ya maji ya sabuni, na barakoa inayobana vizuri puani. Barakoa isiwe ya kuvaa ukishaona kitu. Ivae kabla ya kufungua mzinga, kwa sababu jiwe hutoa vumbi pale pale unapoinua sega.

HATUA YA 1: ANZIA NJE

Nyuki hodari hung'oa mizoga na kuitupa mlangoni. Tanga mizinga mingi hutundikwa kwa waya ili kukwepa siafu na nyegere, basi mizoga huangukia majani na haionekani. Tandika jioni shuka kuukuu jeupe, la ukubwa wa kama mita moja kwa moja, chini ya mlango, ulikandamize kwa mawe. Lirudie alfajiri. Usisubiri hadi saa nne, kwani sisimizi watakuwa wameshabeba ushahidi.

Unachotafuta ni vipande vigumu vyenye urefu wa sentimita moja hivi, vyeupe, vya kijivu au vyeusi, mara nyingi vikiwa na bapa za pembe sita ubavuni. Kipande kimoja au viwili kwa wiki katikati ya masika si habari kubwa. Vikiwa kumi na zaidi kwa usiku mmoja, fungua mzinga.

Kwa mwenye mizinga ya magogo, shuka hili ndilo jicho lake kuu, maana hawezi kukagua majana bila kuyakata. Ukilazimika, kata kipande kidogo cha pembeni, kama sentimita 5 kwa 5, na uache kitovu cha majana kama kilivyo.

HATUA YA 2: FUNGUA KWA WAKATI UNAOFAA

Nyuki wetu ni wakali na wengi tunawafungua jioni. Kwa kazi hii jioni inayofaa ni saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, mwanga ukiwa bado unaingia hadi mwisho wa kichumba. Ukichelewa hadi giza utaona rangi za tochi badala ya rangi za buu. Mwanga wa njano wa tochi hufanya buu mzima aonekane kama mgonjwa. Usifungue siku ya manyunyu, na majana yasikae wazi zaidi ya dakika 10. Ukaguzi mrefu wa jioni yenye upepo unaweza wenyewe kupoza majana na kuleta ugonjwa ulioufuata.

Anza na mizinga unayoamini ni mizima, umalizie na unaoutilia shaka. Patasi ioshwe kwa maji ya sabuni na kupitishwa motoni kati ya mzinga na mzinga.

HATUA YA 3: SOMA SEGA ZIMA KABLA YA BUU MMOJA

Inua kiunzi kimoja cha majana, yaani ubao wa juu ambao sega huning'inia. Sega la mzinga wa viunzi halina waya wala fremu ya kulishika, basi liache lining'inie wima wakati wote. Ukilaza, hasa sega jipya lenye asali juu, litakatika na kuanguka na majana yake. Ligeuze kwa kuzungusha kiunzi, jua likiwa nyuma yako.

Majana mazima yana vifuniko vya rangi ya kahawia hafifu, vilivyoinuka kidogo, vikiwa vimeshikana bila mapengo mengi. Mabuu ambao hawajazibwa wamejikunja chini ya kichumba, weupe, wanang'aa kama wamepakwa mafuta. Kwenye chokaa utaona mapengo yaliyotawanyika, vifuniko vilivyotobolewa au kutafunwa nusu na nyuki, na ndani yake kitu cheupe au cha kijivu kisichong'aa. Hesabu vichumba 10 kwa 10 katikati ya majana yaliyozibwa, uandike vingapi ni vitupu na vingapi vina mzoga. Mapengo tu si ushahidi: malkia mzee huyaleta, njaa pia. Hesabu hii ina kazi nyingine, nayo ni kulinganisha na ukaguzi ujao.

Kisha gonga kiunzi taratibu kwa kidole na utege sikio. Mizoga iliyokauka ya chokaa haijagandamana na kuta, hivyo hutikisika na kutoa mlio mkavu wa kokoto. Gonga tu. Kutikisa kwa nguvu, kama wanavyofanya wenye fremu za mbao, kutakuangushia sega.

HATUA YA 4: TOA MZOGA, UUCHUNGUZE

Hapa usiwe na haraka. Chagua vichumba vitano au sita vyenye dalili, vingine vya kingoni na vingine vya katikati, ufungue vifuniko na utoe kilichomo kwa kibanio. Weka juu ya karatasi nyeupe.

Mzoga wa chokaa hutoka mzima, kwa urahisi, mara nyingi kwa kuinamisha tu kichumba. Ukiwa mchanga ni mwororo na una manyoya meupe, kichwani pakiwa na doa la njano au kahawia lisilofunikwa. Ukiwa mkavu ni mgumu lakini unavunjika. Ukiubonyeza kwa ncha ya patasi hupasuka na kuacha unga.

Kuhusu rangi, watu wengi hukosea kwa kudhani mzoga mweupe na mweusi ni magonjwa mawili. Ascosphaera apis ana aina mbili, tuseme jike na dume. Buu akiwa na aina moja tu hubaki mweupe na hazai vijimbegu. Aina zote mbili zikikutana kwenye buu mmoja hutengeneza vifuko vidogo vya mviringo vya vijimbegu, na hapo mzoga hugeuka wa kijivu hadi mweusi. Kila kifuko kwa kawaida hakifiki milimita 0.1, ila kwa lenzi utaviona kama vinukta vyeusi vimetawanyika juu ya weupe. Mweusi ndio wa kuogopa: mmoja tu hubeba vijimbegu kwa mamilioni, navyo huweza kukaa miaka 15 vikiwa bado hai kwenye masega na mbao. Andika idadi ya weusi peke yake. Mzinga wenye mizoga kumi, wote weupe, una nafuu kuliko wenye mitano meusi.

Majana jiwe huonekana tofauti. Buu wa mwanzo huwa mweupe naye, lakini karibu na kichwa hutokea ukosi wa njano unaoelekea kijani. Baadaye mwili wote hufunikwa na unga wa kijani-njano kama ni A. flavus, au wa kijivu-kijani kama ni A. fumigatus. Akikauka hapasuki kama chokaa. Unambonyeza kwa patasi na anagoma. Wanaokufa wanaweza kuwa kwenye vichumba vilivyozibwa na visivyozibwa, na utaona pia nyuki wakubwa dhaifu wasioruka, wengine wakiwa wamekufa na matumbo magumu.

Ukiona unga wa kijani, acha. Usipulize, usinuse, usikune kwa kidole. Lowesha sega kwa maji ya kunyunyiza ili vumbi litulie, lifunge kwenye gazeti, ufunge mzinga. Mwenye pumu au kifua asiendelee na kazi hiyo hata akiwa na barakoa. Asali iliyo kwenye sega hilo isiliwe.

HATUA YA 5: ONDOA WANAOFANANA

Chavua yenye ukungu ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Kuna fangasi, Bettsia alvei, anayeota kwenye chavua iliyohifadhiwa na kuifanya tonge gumu jeupe lenye umbo la kichumba, sawasawa na mzoga wa chokaa. Livunje katikati. Chavua ina matabaka ya rangi, njano juu ya machungwa juu ya kahawia, kama nyuki walivyoishindilia. Buu hana matabaka.

Majana gunia, yanayoletwa na virusi, huua pia baada ya kuzibwa, na mzoga wake mkavu hutoka kirahisi kama wa chokaa. Tofauti ni kwamba wa gunia ni mwembamba, wa kahawia hadi mweusi, umejipinda kama mtumbwi na kichwa kimeinuka. Ukiwa mbichi ni mfuko wa ngozi uliojaa maji. Hauna manyoya.

Uozo wa Marekani, unaoletwa na bakteria Paenibacillus larvae, una vifuniko vilivyozama, vyenye mafuta na matundu. Huo hauhitaji macho makali bali njiti: ingiza njiti ya kiberiti kichumbani, koroga, ivute polepole. Utelezi wa kahawia ukivutika kama uzi wa sentimita 2 au zaidi kabla ya kukatika, funga mzinga, usihamishe kitu chochote, mwite afisa ufugaji nyuki siku hiyo hiyo. Ukikauka huacha gamba jeusi lililogandamana chini ya kichumba. Hilo halitoki kwa kibanio. Uozo wa Ulaya (Melissococcus plutonius) huua zaidi mabuu ambao hawajazibwa. Hugeuka njano na kujipinda vibaya vichumbani, mara nyingi na harufu ya uchachu.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya nchi za baridi hugusa kidogo na kwetu ni la kila mwaka. Nyuki wa Afrika huhama. Njaa, siafu, moshi mwingi, au nondo wa nta wakizidi, kundi linaondoka na kuacha majana. Siku chache za unyevu wa pwani zinatosha kuyajaza ukungu mweupe, kijani na mweusi. Ukikuta mzinga mtupu wenye majana yaliyoota ukungu, usiseme fangasi wamefukuza nyuki. Kwa kawaida ukungu umekuja baada ya nyuki kuondoka, na mzinga wa namna hiyo hautakupa jibu. Tafuta jibu kwa makundi yaliyo hai jirani yake.

HATUA YA 6: CHUKUA SAMPULI

Macho yanatosha kushuku. Kuthibitisha ni kazi ya maabara. Weka mizoga 10 hadi 20, meupe na meusi, kwenye bahasha ya karatasi. Kama ni sega, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kisicho na asali, ukifunge kwa gazeti. Usitumie mfuko wa nailoni: hutoa jasho, ukungu mwingine huota njiani, na maabara itakuta msitu badala ya mgonjwa wako. Juu ya bahasha andika tarehe, kijiji na kata, namba na aina ya mzinga, idadi ya mizoga, hali ya hewa ya wiki mbili zilizopita, na dawa zilizopuliziwa mashamba ya jirani.

Mpelekee afisa ufugaji nyuki wa halmashauri yako au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) iliyo karibu, umuulize kama iende kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) kilichopo Njiro, Arusha, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Tunza bahasha ya pili nyumbani, mahali pakavu, mbali na vifaa vya nyuki.

UKISHAJUA

Hakuna dawa ya kumwaga mzingani kwa chokaa. Salfa ya ubwiriunga wa mikorosho, viuakuvu vya nyanya, poda za fangasi za binadamu: vyote huharibu asali, na vingine huua nyuki kabla ya fangasi. Kazi yako ni kurudisha joto na ukavu.

Punguza nafasi. Toa masega matupu, sogeza ubao wa kugawa hadi nyuki wajae kwenye viunzi vilivyobaki. Ziba baadhi ya matundu ya mlango wakati wa kusi. Inamisha mzinga kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke, rekebisha bati au makuti ya juu, fyeka majani chini yake, na kama uko kwenye kivuli kizito uhamishie unapopata jua la asubuhi. Kundi lenye njaa lipe sukari kilo 2 kwa lita 1 ya maji, jioni, ndani ya mzinga. Mchanganyiko mwepesi huongeza unyevu ambao unajaribu kuuondoa.

Sega lenye mizoga mingi meusi litolewe na kuchomwa, pamoja na mizoga yote iliyo sakafuni na kwenye shuka. Masega ambayo ni meusi kwa uzee yabadilishwe mawili au matatu kila msimu, hata kama hayana dalili. Usihamishe majana kutoka mzinga mgonjwa kwenda kuimarisha mwingine, na usigawe kundi hilo kuzalisha makundi mapya. Uwezo wa kung'oa mizoga haraka hurithiwa, na uzembe wa kutoing'oa hurithiwa vilevile.

Nta ya mzinga mgonjwa ina kosa lake maalumu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, joto lisiloaminika kumaliza vijimbegu. Itengenezee mishumaa au uiuze, lakini usiipake kwenye mizinga mitupu kama chambo cha kuvuta makundi. Mzinga wenyewe ukwanguliwe, uoshwe, uanikwe juani, kisha ndani yake upitishwe moto wa makuti makavu hadi mbao zibadilike kuwa kahawia, pembe na viungo vyake vikipitiwa zaidi.

Asali ya kundi lenye chokaa haina tatizo kwa binadamu. Ila usiwalishe nyuki wengine.

Rudi baada ya wiki tatu, muda ambao kizazi kizima cha vibarua kimeshatoka vichumbani, uhesabu tena vichumba 10 kwa 10 mahali pale pale. Mizoga ikipungua, endelea kuacha kundi lijijenge. Ikibaki ileile huku kundi limejaa na hali ya hewa imekauka, tatizo liko kwa malkia: muue, uache kundi lilee mwingine kutoka kiunzi chenye mayai kilichotolewa kwenye mzinga wako ulio safi kuliko yote, baada ya kukata seli zozote za malkia walizoanzisha wenyewe.